Jiwe Ndani ya Ngoma Yako

Kwako Yaya, kaka yangu,

Sina anwani yako. Ningekuwa nayo, haya yote ningeyafunga kwenye bahasha, nikampa dereva wa lori, na watu wasingejua mambo ya nyumba yetu. Lakini huu ni mwaka wa kumi na tisa sijui nikuandikie wapi, kwa hiyo barua naiacha wazi, asome atakaye. Akiwepo anayekujua, akwambie kwamba ngoma kubwa imepasuka, na kwamba mdogo wako ameona kilichokuwa ndani.

Nianze na Jumapili. Tulikuwa kwenye wimbo wa matoleo, watu wanakwenda mbele wakicheza, na mimi niko kwenye kiti chako, kitenge nimekikaza chini ya magoti kama ulivyonifundisha, ili wazee wa kanisa wasipate la kusema juu ya mwanamke anayekaa kwenye bateri, yaani seti yetu ya ngoma. Nikakanyaga pedali. Badala ya sauti nikasikia kitu kama gunia la mahindi limeangushwa sakafuni. Ngozi ilikuwa imechanika kutoka juu mpaka chini. Wimbo niliumaliza kwa mikono tu, na mpiga kinanda akanitazama kwa huruma ya mtu ambaye kinanda chake kina ngoma ndani, anabonyeza tu.

Ngozi hiyo uliiweka wewe. Imedumu miaka yote hiyo, Yaya, mimi mwenyewe nashangaa.

Bateri hii ni ya zamani kuliko wewe na mimi. Baba aliitoa Bambu alipokuwa karani wa mgodi wa dhahabu, baada ya bendi ya wafanyakazi kuvunjika na kila mpigaji kushika njia yake. Ilifika hapa Bunia, mtaani Ngezi, juu ya magunia ya maharage, nyekundu, inameremeta: matoazi mawili, ngoma ndogo yenye waya chini, mbili za kati, na hiyo kubwa ya mguu. Mama alisema nyumba haina kitanda cha tatu lakini sasa ina ngoma nne. Alisema hivyo kila mgeni alipokuja, na kila mara alikuwa anaifuta vumbi huku analalamika.

Unakumbuka tuliporudi baada ya kukimbia vita? Mlango umeng'olewa, sufuria hakuna, na ndani ya ngoma ya kati kuku wa watu ameatamia mayai. Plastiki za ngoma zote zilikuwa zimetobolewa. Mimi nililia. Wewe uliinama, ukahesabu mayai, ukasema tumwache amalize, ngoma iko kazini. Tulingoja mpaka vifaranga vikatoka, ndipo ukaanza kazi.

Na kazi hiyo ndiyo shule yangu. Plastiki mpya hazikupatikana Bunia, ukaenda kwa mchinjaji ukaomba ngozi za mbuzi. Tuliziloweka, tukazikwangua manyoya kwa majivu, tukazivuta juu ya mapete ya chuma na kuziacha zikauke kivulini, maana jua lingezipasua. Waya za chini ya ngoma ndogo ulizichambua kutoka kwenye kebo za breki za baiskeli. Toazi moja lilikuwa na ufa, na wewe, badala ya kuliziba, ukalitoboa tundu dogo pale ufa ulipoishia. Nilidhani umepata wazimu. Ukanieleza kwamba ufa ukikutana na tundu unachoka hapo hapo. Ufa huo mpaka leo haujasogea hata unene wa ukucha.

Kila kabla ya kupiga, ulikuwa unawasha mbabula, lile jiko la makaa, na kuzipasha ngozi joto, ngoma moja moja, huku unazigonga kwa kidole mpaka zianze kujibu. Majirani wakakucheka kwamba unapika ngoma. Mimi ndiye niliyekuwa napuliza makaa. Siku moja ukanisogezea kiti, nikakaa, nikaanza kuchapa kila kitu kwa pamoja. Ukanishika mikono.

"Acha mikono. Sikiliza muguu. Muguu njo mwenye nyumba, mikono ni bageni tu."

Maneno hayo, kwamba mguu ndio mwenye nyumba, nawaambia wote wanaokuja kujifunza kwangu, na sisemi ni ya nani.

Jambo moja nilikuuliza mara nyingi. Ngoma kubwa za makanisa mengine zilikuwa zinatembea. Mpigaji akikanyaga, ngoma inasogea mbele kidogo kidogo, na kufika wimbo wa tatu yeye ameshanyoosha mguu kama anayetafuta kiatu chini ya kitanda. Ya kwako ilitulia. Ukasema sababu ni blanketi ulilolijaza ndani, na kitu kingine.

"Kuko jiwe mule ndani. Usifungule, utaharibisha sauti."

Na mimi, niliyekubishia kila kitu, hilo nilikutii. Pedali nimeibadilisha mkanda mara mbili, mara ya mwisho kwa ngozi ya mkoba wangu wa shule. Ngoma za kati nimezivika ngozi upya mara sijui ngapi. Mbao zilipoanza kuachana nilizigundisha na kuzifunga kwa mpira wa tairi mpaka zikashikana. Nyekundu yake imebaki upande mmoja tu, ule unaotazama ukutani. Lakini ngoma kubwa sikuifungua, wala mkono sikuuingiza kwenye lile tundu la mbele uliloliziba kwa kitambaa. Tukiibeba kwenda kanisani nawaambia wabebaji waende polepole, kuna jiwe.

Sasa nikukumbushe Jumamosi ile, kwa sababu nimeirudia kichwani wiki hii mpaka sijui kipi nakumbuka na kipi natunga. Tulikuwa sebuleni. Mkeo alikuwa chumbani na Dorika, mtoto wa miezi minne. Ulikuwa unapiga miguu mitupu kama kawaida yako, nami nimesimama pembeni nangoja zamu yangu, miguu mitupu vile vile. Mtu akakuita kutoka nje. Sauti ya mwanamume. Sikutoka kumwona, na hilo sijajisamehe. Ukanyanyuka, ukanikalisha kwenye kiti, ukanipa vijiti vikiwa bado na joto la mikono yako.

"Nakuya sasa hivi. Endeleya kupiga."

Nikaendelea. Nilipiga mpaka mkeo akatoka chumbani kuniuliza kama leo hatuli. Siku ya pili tukasikia umeonekana juu ya lori linalokwenda Bambu. Baba Mdogo, aliyeshika nafasi ya Baba marehemu, alisema vijana wote wanakwenda kuchimba, atarudi akichoka. Viatu vyako vya kahawia, vile Baba Mdogo alivyokununulia siku ya ndoa yako, havikuwepo nyumbani, basi tukajua umevivaa, umekwenda safari yako kama mtu aliyejipanga. Hilo liliniuma. Nilisema moyoni: alijua anakwenda, na hakuniambia.

Jumamosi hiyo hiyo sandali zangu za plastiki zilipotea mlangoni. Nilimshuku jirani yetu wa upande wa kisima, nikamnunia miaka miwili kamili. Salamu yake nilikuwa naiitikia kwa pua.

Baadaye mvua zilipokwisha akaja yule mtu kutoka Bambu. Alisema shimo limeanguka, watu wamefukiwa, na mmoja wao alitoka Bunia, kijana mrefu, watu walisema anapenda kugonga gonga meza. Uso hakuuona. Aliona miguu tu ilipokuwa inatolewa. Mama alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani. Akamuuliza:

"Alikuwa anavaa biatu bya rangi ya kahawa?"

Yule mtu akafikiri, akasema ndiyo, bya rangi ya kahawa.

Nilikuwa pale, Yaya. Nilisikia swali na nikasikia jibu, na sikutambua kwamba jibu Mama ndiye aliyelileta. Kwenye matope ya shimo, kiatu gani si cha kahawia? Lakini wakati ule hatukuwa na akili ya kuuliza. Watu wakaanza kutandika mikeka nje kwa ajili ya matanga. Mama ndiye aliyesimama akaikunja mmoja mmoja. Akawaambia siku atakapouona uso wa mtoto wake atalia, kabla ya hapo hapana. "Siwezi lilia biatu," alisema, na hakuna aliyemtajia matanga tena mpaka naye tukamzika.

Kwa hiyo miaka yote hukuliliwa. Mkeo alingoja, akachoka, akarudi kwao Boga, akaniachia Dorika. Kanisani, wakati wa kuwaombea wasafiri nakutaja kimoyomoyo, na wakati wa kuwakumbuka waliotutangulia nakutaja tena, nikijua moja kati ya maombi hayo linakwenda bure.

Sasa Dorika anaolewa. Ni mrefu kama wewe, na akiongea na mtu anagonga meza kwa vidole. Familia ya kijana ni wafanyabiashara waliohamia hapa kutoka Butembo, watu wa utaratibu, na wameuliza swali ambalo hata mimi ningeuliza: mahari wanampa nani? Unaijua desturi ya ukoo wetu. Baba akiwa safarini, kofia yake inawekwa juu ya kiti, na ndugu yake anakaa pembeni ya kiti hicho kupokea. Baba akiwa amekufa na matanga yamekwisha, ndugu anakaa kwenye kiti chenyewe. Akiwa kama wewe, hakuna anayejua akae wapi.

Baba Mdogo akaamua. Jumamosi hii tulie matanga, nguo zako mbili tatu zilizobaki zigawiwe, jambo liishe, na mwezi ujao akae kwenye kiti. Nilipopinga alinijibu kwa methali, kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Nikamwambia lake lipo, liko sebuleni, nalipiga kila Jumapili. Akasema vizuri, basi Jumamosi ulipige kwa ajili ya kumuaga ndugu yako. Nikakubali, Yaya. Nakuomba radhi, lakini nilikubali. Nilikuwa nimechoka kukuombea mara mbili.

Hapo ndipo ngozi ilipochanika, na Jumatatu asubuhi nikafungua ngoma.

Nililegeza skrubu zote nane, nikatoa pete, nikatoa ngozi. Blanketi lilikuwa lile la kijivu la Mama, limejaa panya waliokufa zamani na harufu ya moshi wa mbabula. Nikalivuta kwa uangalifu, nikiogopa jiwe lisianguke kwenye mguu wangu. Likaanguka. Halikuwa zito kama nilivyodhani. Viatu vyako, Yaya. Vimefungwa kamba pamoja, soksi zimesokotwa ndani, kimoja kina tundu kwenye soli pale kidole gumba kinapokanyaga.

Nilikaa sakafuni na viatu mapajani, na sikulia. Kwanza nilicheka, kwa sababu nilielewa: kanisani waliwahi kukuibia viatu ukiwa unapiga, ukatafuta mahali ambapo mwizi hawezi kupeleka mkono bila wewe kujua. Jiwe! Miaka kumi na tisa nawaambia wabebaji waende polepole. Kisha nikakumbuka sandali zangu, na kicheko kikakatika.

Hukuvaa viatu. Ulitoka na sandali za mdogo wako, ndogo, za plastiki, kisigino nje. Mtu haendi Bambu hivyo. Mtu anakwenda hivyo mpaka barabarani, anaongea na aliyemwita, anarudi. Ulisema unakuja sasa hivi, na ulikuwa unasema kweli. Hilo limenifurahisha kwa muda mfupi sana. Maana kama ulikusudia kurudi na hukurudi, basi kuna mtu au kitu kilichokuzuia, na mimi nilikuwa nachapa ngoma kwa nguvu zangu zote, hata ungenipigia kelele nisingesikia.

Au labda ulipanda lori hivyo hivyo, ukanunua viatu vingine huko, na vilikuwa vya kahawia kweli, na yule mtu alisema alichoona. Au aliyefukiwa ni mtoto wa mama mwingine, ambaye mpaka leo anamngoja wake. Au uko hai mahali, umenenepa, una watoto wengine, na hukurudi kwa sababu hukutaka. Nikifika hapo nakasirika. Halafu najiambia, unamkasirikiaje marehemu? Nafuta hasira, nalia kidogo, na nikianza kulia najiambia, unamliliaje mtu aliye hai? Nafuta machozi. Ndivyo ninavyoshinda tangu Jumatatu. Nimechanganyikiwa, Yaya, siwezi kusema vizuri zaidi ya hapo. Juzi nilitia chumvi kwenye chai.

Jumanne nilikwenda kwa jirani wa upande wa kisima kumwomba msamaha wa sandali. Amezeeka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza sandali gani. Hakujua hata kwamba nilimnunia. Alidhani ndiyo sura yangu.

Nilifikiri kuvificha viatu. Sikudanganyi. Nilivifunga tena kwenye blanketi, nikasema Jumamosi ipite, Dorika aolewe, halafu tutaona. Lakini Dorika alirudi sokoni akanikuta nimekaa mbele ya ngoma iliyo wazi, na uso wangu haujui kusema uongo. Nikamwonyesha, nikamweleza yote, mpaka swali la Mama na jibu la yule mtu. Alivishika. Akaingiza mkono ndani ya kimoja mpaka mwisho, kama anayetafuta kitu, akaniambia mimi shangazi yake:

"Tantini, baba miye sikumuonaka. Biatu njo nabiona."

Nikamweleza kwamba matanga yakivunjika, wakwe wanaweza kuona sisi ni watu wa mambo mawili mawili, na ndoa ikasita. Akasema analijua hilo. Akasema yeye hawezi kukalia mkeka wa msiba huku anajua, na kama wanamtaka, watamwoa akiwa mtoto wa mtu ambaye hajulikani alipo, maana ndivyo alivyo. Kisha akaenda kuosha sombe, yale majani ya muhogo. Sauti ilikuwa yake, lakini ukaidi ni wako.

Jana nikavipeleka kwa Baba Mdogo. Nilimkuta amekaa barazani kwake na orodha ya watu wa kuarifiwa. Niliviweka mbele yake. Akavitazama, akaitazama njia, akashusha sauti.

"Nani mwingine amebiona?"

Nikasema Dorika. Akafumba macho. Nilijua angeniambia nivitupe chooni, na sijui ningefanya nini kama angesema hivyo, pengine ningetii. Hakusema. Alichukua kile chenye tundu, akapitisha kidole kwenye soli, akakigeuza geuza. "Njo miye nilimununuliaka," alisema. Akaniuliza kama mkeka wa kwanza aliutandika yeye siku ile Mama alipoikunja. Nikamwambia ndiyo, ni yeye. Baadaye akasema ni mzee, alitaka jambo hili limalizike mikononi mwake. "Nisimuachie mudogo yako," alisema. Alikosea maneno, mdogo wako ni mimi, niliyekaa mbele yake. Nadhani kwa muda alikuwa anaongea na wewe.

Leo asubuhi amemtuma mtu. Jumamosi watu watakuja kama walivyoalikwa, kwa sababu huwezi kuwazuia watu waliokwisha kusikia. Lakini mikeka haitatandikwa na nguo hazitagawiwa. Itakuwa sala. Sala ya nini, amesema yeye mwenyewe hajui, nipige ninachokijua. Siku ya mahari atakaa pembeni ya kiti, na wakwe wakiuliza atajibu yeye. Kofia yako hatuna, kwa hiyo hatujui kitu gani kitakaa juu ya kiti. Dorika anasema tunajua.

Ngozi mpya inakauka kivulini ninapoandika haya, ya beberu mkubwa, nimeivuta mwenyewe mpaka vidole vimevimba. Kesho nitawasha mbabula. Blanketi la Mama nimelifua na kulirudisha. Jana jioni, kabla ya kufunga, nilijaribu kuweka jiwe la kweli, nikavika ngozi ya zamani niliyoishona kwa muda, nikakanyaga. Haikutembea, lakini sauti haikuwa ile. Nikatoa jiwe, nikaweka viatu, vimefungwa kamba vile vile, soksi ndani. Nikakanyaga tena. Ulikuwa umenidanganya kuhusu jiwe, lakini kuhusu sauti hukudanganya.

Siku ya mahari nitavitoa, viende kwenye kiti. Baada ya hapo vitarudi ndani. Sijui kama huko ni kukungoja au ni kukuzika, na nimeacha kujiuliza kila saa, najiuliza asubuhi na jioni tu.

Basi nikuage, ingawa hata kukuaga sijui kama nimeruhusiwa. Uliniambia niendelee kupiga, na naendelea. Popote ulipo, kama kuna popote, viatu vyako viko pale pale ulipoviacha, panya hawakuvigusa. Njoo uvichukue. Na uje na sandali zangu.

Ni mimi mdogo wako,
niliyebaki kwenye kiti chako, Ngezi.